Hasara Unaivumilia Kiasi Gani?



Msimu wa ufuta au korosho ukifika, fedha huingia kijijini kwa mkupuo, mara moja kwa mwaka. Mtu aliyekuwa akihesabu mia mia tangu mwezi wa tatu anajikuta ana laki nne, laki tisa, pengine milioni. Siku hiyohiyo washauri nao huongezeka. Huyu anasema nunua pikipiki. Yule anasema nunua hisa za VICOBA. Mwingine kasikia redioni habari za vipande na hatifungani. Mwingine tena ana rafiki mjini ambaye, eti, alitoa laki mbili akarudishiwa laki nne baada ya mwezi mmoja.

Wote hao wanazungumza juu ya kitu cha kununua. Hakuna anayezungumza juu yako wewe mnunuzi. Je, nusu ya fedha hiyo ikipotea, nyumbani kwako kutakuwaje? Na wewe mwenyewe usiku utapata usingizi? Leo tuyaangalie maswali hayo mawili, kwa sababu mradi uliomfaa jirani yako unaweza kukuumiza wewe, ingawa mradi ni uleule na fedha ni kiasi kilekile.

Kuwekeza ni kutoa fedha leo kwa matumaini ya kupata zaidi kesho. Shika neno hilo "matumaini". Kati ya leo na kesho yapo mengi: ugonjwa, ukame, bei, wizi, serikali ya nchi nyingine kubadili sheria zake. Uwezekano wa kupata pungufu kuliko ulivyotumaini, au kukosa kabisa, ndio tutakaouita hatari ya hasara.

Wapo wanaosema, "Mimi sipendi kubahatisha, mimi ni mkulima tu." Ndugu yangu, mkulima ni mbahatishaji mkubwa kuliko mwenye duka. Anatia mbegu ardhini bila kuijua mvua. Anapalilia bila kuijua bei. Wakulima wa mbaazi wa Lindi, Mtwara na Manyara hawawezi kuusahau mwaka 2017. Mbaazi yetu nyingi ilikuwa ikiuzwa India. Mwezi wa Agosti mwaka huo serikali ya India iliweka kikomo cha mbaazi inayoruhusiwa kuingia nchini mwao, kwa kuwa wakulima wao walikuwa wamevuna nyingi na bei kwao imeshuka. Huku kwetu bei ikaanguka. Mkulima hakukosea lolote shambani. Alipalilia vizuri, alivuna vizuri, na hasara ilimfuata ikitoka ng'ambo ya bahari.

Kwa hiyo tusijiulize kama tunabahatisha. Tunabahatisha tayari. Tujiulize ni kwa kiasi gani, na kama kiasi hicho kinatufaa.

Mchezo wa sarafu

Katika miaka ya 1970 mtaalamu wa uchumi aitwaye Hans Binswanger alitaka kujua wakulima wanavumilia hatari kiasi gani. Hakutosheka na kuwauliza kwa mdomo, maana mdomoni kila mtu ni shujaa. Alikwenda katika vijiji vya India, yeye na wasaidizi wake, wakawachezesha wakulima mchezo wa kurusha sarafu kwa fedha za kweli. Walianza na fedha ndogo, nusu rupia. Baadaye wakapanda hadi fedha nyingi, ambazo ukishinda zilizidi mshahara wa kibarua wa mwezi mzima. Kati ya mchezo na mchezo watu walipewa siku za kufikiri. Matokeo yalichapishwa mwaka 1980.

Mchezo huo nimeugeuza katika shilingi ili tuucheze hapa. Kuna njia 6. Unachagua moja tu, kisha sarafu inarushwa. Ikianguka upande mbaya unapata kiasi cha kwanza, ikianguka upande mzuri unapata kiasi cha pili.

Njia ya 1: upande mbaya 10,000, upande mzuri 10,000.
Njia ya 2: upande mbaya 9,000, upande mzuri 19,000.
Njia ya 3: upande mbaya 8,000, upande mzuri 24,000.
Njia ya 4: upande mbaya 6,000, upande mzuri 30,000.
Njia ya 5: upande mbaya 2,000, upande mzuri 38,000.
Njia ya 6: upande mbaya 0, upande mzuri 40,000.

Simama hapo kwanza. Chukua kalamu, weka alama kwenye njia yako, ndipo uendelee kusoma.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Jumlisha pande mbili za kila njia, gawa kwa 2. Njia ya 1 inakupa 10,000. Ya 2 inakupa 14,000. Ya 3 ni 16,000, ya 4 ni 18,000, ya 5 ni 20,000. Unaona kwamba kila hatari inapoongezeka, na malipo ya wastani yanaongezeka. Hatari hiyo inalipwa. Lakini tazama njia ya 6. Jumlisha 0 na 40,000, gawa kwa 2, unapata 20,000, sawasawa na njia ya 5. Hatari imeongezeka, malipo hayakuongezeka hata senti. Anayechagua njia ya 6 ananunua wasiwasi mtupu. Na miradi ya namna hiyo ipo mingi, tutaifikia.

Wakulima wa India walifanyaje? Fedha zilipokuwa ndogo, walitawanyika: wengine waoga, wengine majasiri kabisa. Fedha zilipokuwa nyingi, karibu wote walisogea katikati. Waliobaki kwenye njia ya usalama mtupu walikuwa wachache, na waliobaki kwenye njia za kishujaa walikuwa wachache pia. Jambo la kushangaza ni kwamba utajiri haukuleta tofauti kubwa. Mwenye mashamba mengi na mwenye kishamba kidogo walichagua karibu sawa.

Basi usijipime kwa fedha ndogo. Ujasiri wa shilingi elfu moja si ujasiri wa milioni. Rudia mchezo ule, sasa ongeza sifuri mbili kwa kila kiasi. Njia ya 1 ni milioni moja bila wasiwasi. Njia ya 6 ni kukosa yote au kupata milioni nne. Bado unachagua ileile?

Nilipouchezesha mchezo huu darasani, mzee mmoja alichagua njia ya 6 huku akicheka. Nikamwuliza, "Mzee, na kama ingekuwa ni fedha ya mbuzi wako watatu?" Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mwalimu, mbuzi ni jambo lingine. Mbuzi wana wenyewe." Alikuwa na maana kwamba mmoja ni ada ya mjukuu wake aliyeko chuo cha ufundi, na wale wawili wamekwisha pangiwa mahari. Darasa zima lilicheka, lakini mzee alikuwa ametufundisha somo la siku ile.

Halafu kuna jambo ambalo mchezo hauonyeshi. Mchezoni hata ukikosa, hutoi chochote mfukoni. Katika maisha hasara inatoka kwenye jasho lako. Wataalamu wawili, Daniel Kahneman na Amos Tversky, walieleza mwaka 1979 kwamba hasara huuma kuliko faida ya kiasi hichohicho inavyofurahisha. Majaribio ya baadaye yalionyesha kwamba huuma karibu mara mbili. Hili unaweza kulipima mwenyewe. Ukiokota elfu kumi njiani, utafurahi mpaka jioni. Ukidondosha elfu kumi, utaitafuta leo, utaitafuta kesho, na wiki ijayo bado utakuwa ukiinama kila unapopita pale.

Moyo na mfuko

Yale maneno ya mzee yanatuonyesha kwamba hapa kuna vitu viwili, navyo watu huvichanganya.

Cha kwanza ni moyo. Moyo ni namna wewe ulivyo: mwingine akipoteza laki moja anasema "riziki", anaendelea na kazi. Mwingine akipoteza elfu ishirini haongei na mtu siku tatu. Hakuna aliye bora kuliko mwenzake. Ni maumbile, na malezi, na mambo yaliyokwisha kukupata.

Cha pili ni mfuko. Mfuko ni uwezo wa nyumba yako kubeba hasara bila mtu kulala njaa, bila mtoto kurudishwa kutoka chuoni, bila kuuza shamba. Mfuko haujali kama wewe ni jasiri. Unahesabiwa.

Mwenye moyo mkubwa na mfuko mkubwa, au mwenye moyo mdogo na mfuko mdogo, huyo hana shida sana. Moyo wake na mfuko wake vinasema lugha moja. Taabu iko kwa wale wengine wawili.

Mwenye mfuko mkubwa na moyo mdogo huficha fedha chini ya godoro. Anadhani amekwepa hatari, kumbe kaikaribisha nyingine ambayo haibishi hodi. Katika nchi yetu, kuanzia mwaka 2021 hadi 2024 bei za vitu zilikuwa zikipanda kati ya asilimia 3 na 5 kwa mwaka. Tuseme ni asilimia 4. Bidhaa ya shilingi 1,000,000 leo, baada ya miaka 5 itakuwa karibu 1,217,000. Fedha ya godoroni itabaki 1,000,000 ileile, na bidhaa hiyo hainunui tena. Panya na moto sivitaji.

Mwenye moyo mkubwa na mfuko mdogo ndiye ninayemhofia zaidi. Huyu husikiliza hadithi za kuvuna haraka. Wengi mnaikumbuka DECI. Kutoa fedha kuliitwa "kupanda", kupokea kuliitwa "kuvuna", nasi wakulima maneno hayo yanatuingia vizuri sana masikioni. Waliotangulia walilipwa kwa fedha za waliofuata. Hapakuwa na shamba, kiwanda wala duka la kuzalisha faida ile. Mwaka 2009 serikali iliisimamisha, na mwaka 2013 mahakama iliwatia hatiani viongozi wake. Wako watu waliokwisha kuvuna mara moja, wakarudisha mavuno yote na kuongeza juu yake, na hapo ndipo kamba ilipokatika.

Angalia jinsi moyo unavyodanganyika katika mambo kama haya. Siku ya kwanza mtu anaogopa. Anamwona jirani kavuna, hofu inapungua. Anamwona shemeji kavuna, hofu inaisha. Lakini hatari haikupungua hata kidogo. Ilikuwa ikizidi, kwa kuwa kila anayelipwa anahitaji wengine wengi zaidi wa kumlipa. Kilichobadilika ni moyo peke yake. Ndiyo maana nasema moyo usiachwe peke yake kuamua. Mfuko nao uulizwe.

Kuuliza mfuko

Kuuliza mfuko ni kazi ya daftari na kalamu. Tuseme mama mmoja ameuza korosho, amepata shilingi 900,000. Anaandika hivi:

Chakula mpaka mavuno yajayo: 250,000.
Salfa, palizi na vibarua wa msimu ujao: 200,000.
Ada ya kijana chuoni: 180,000.
Deni la dukani: 40,000.
Akiba ya ugonjwa na misiba: 100,000.

Jumla ni 770,000. Toa kwenye 900,000, zinabaki 130,000. Basi fedha za kuwekeza za mama huyu ni 130,000. Anapoambiwa, "Mama, una laki tisa, ingiza zote," anayemwambia hajui hesabu ya nyumba yake. Zile 770,000 zina wenyewe, kama mbuzi wa yule mzee.

Akimaliza hapo aandike pembeni: fedha hizi nitazihitaji lini? Kama zile 130,000 ni za kuezeka nyumba mwezi wa pili, hazifai kuwekwa mahali ambapo bei hupanda na kushuka, maana huenda mwezi wa pili ukakuta ndiyo siku ya kushuka. Kama hazihitaji kwa miaka mitano, anaweza kuvumilia mwaka mmoja mbaya akangoja mwaka mzuri.

Na tusisahau hesabu ya kupanda tena. Ukiwa na 130,000 ukapoteza nusu, unabaki na 65,000. Ili urudi pale ulipokuwa, 65,000 hiyo lazima izae 65,000 nyingine, yaani fedha yako izae mara mbili. Kuteremka nusu ya mlima ni kazi ya dakika moja. Kuupanda tena ni kazi ya miaka.

Mahali pa kuweka, na hatari zake

Benki watu wengi huiona haina hatari kabisa. Hatari ni ndogo, lakini ipo. Mwezi wa Januari 2018 Benki Kuu ilifuta leseni za benki 5 ndogo kwa siku moja, na nyingine kati ya hizo zilikuwa za wakulima na za wananchi wa wilaya zao. Wateja walikuwa na kinga iitwayo bima ya amana, ambayo wakati ule ilimlipa kila mteja hadi shilingi 1,500,000. Aliyekuwa na zaidi ya hapo alibaki akisubiri mali za benki zikusanywe. Mwaka 2023 kiwango kilipandishwa hadi 7,500,000. Kwa mkulima mwenye laki kadhaa kinga hiyo inatosha. Lakini bima hiyo ni ya fedha za benki. Kikundi chenu cha VICOBA hakimo.

VICOBA hatari yake ni watu. Kikundi cha majirani wanaojuana, sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, hesabu zinazosomwa kwa sauti mbele ya wote, hapo hatari ni ndogo. Kikundi ambacho mweka hazina ndiye mwandishi na ndiye mwenye nyumba ya kutunzia sanduku, mimi nisingetia hisa hata moja. Tangu sheria ya huduma ndogo za fedha ya mwaka 2018, vikundi hivi vinatakiwa kusajiliwa. Uliza cheti.

Hatifungani za serikali ni mkopo unaoipa serikali, nayo inakulipa riba kwa miaka. Ni salama, ila kwa kawaida huanzia shilingi milioni moja, kwa hiyo wengi wetu hazitufikii. Vipande vya mifuko ya uwekezaji, kama Mfuko wa Umoja ulioanza mwaka 2005, unaweza kununua kwa fedha kidogo. Fedha za watu wengi zinawekwa pamoja na kugawanywa sehemu nyingi, na thamani ya kipande huweza kupanda au kushuka. Hisa za makampuni huuzwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza biashara mwaka 1998. Hapo kupanda na kushuka ni kukubwa zaidi. Mwenye moyo wa kuulizia bei kila asubuhi atapata ugonjwa bure.

Mifugo nayo ni uwekezaji, tena tunaujua vizuri kuliko mwingine. Kuku 40 ni mali nzuri mpaka kideri kipite. Aliyechanja kwa wakati anashusha hatari yake kwa gharama ndogo sana. Hili liko mikononi mwetu, tofauti na bei ya mbaazi.

Na kile kinachoahidi kuzaa mara mbili kwa mwezi, na usiambiwe kinazaa kwa kazi gani, hicho ni njia ya 6, tena kwa sarafu iliyochongwa.

Nyumba moja, mioyo miwili

Baba na mama mara nyingi hawana moyo mmoja katika jambo hili. Ugomvi mwingi wa fedha za msimu unatokea hapo, ingawa watu hudhani ni ukaidi. Nashauri kila mmoja acheze mchezo wa sarafu peke yake, kwa fedha ya milioni, aandike namba yake kwenye karatasi bila kumwonyesha mwenzake. Kisha fungueni pamoja. Mmoja akiwa ameandika 5 na mwingine 2, msicheke. Kwa fedha ambazo watoto wote wanazitegemea, mimi naona afuatwe mwenye namba ndogo. Kwa kile kidogo kilichobaki, mwenye namba kubwa naye apewe sehemu yake ajaribu, iwe imetengwa na kuandikwa.

Msifanye mazungumzo hayo siku ya malipo. Siku hiyo kila mtu ni jasiri. Msiyafanye pia wiki ya msiba au ya ukame, maana wakati huo kila mtu ni mwoga. Chagueni siku ya kawaida, jioni, daftari likiwa mezani. Ukurasa mmoja uwe na mistari minne: fedha tunazoweza kuwekeza, tutazihitaji lini, tukipoteza kiasi gani tutasimama na kuzitoa, tarehe ya kuutazama tena ukurasa huu. Mama yule wa 130,000 anaweza kuandika kwenye mstari wa tatu: 30,000. Wote wawili watie sahihi.